Eisenstein: Mkasi wa Msanii na Mkasi wa Dola

Kuna picha moja mashuhuri ambayo yamkini msomaji amewahi kukutana nayo katika kitabu cha historia: umati wa askari na wafanyakazi wenye bunduki ukitimua mbio katika uwanja mpana kuelekea Kasri la Majira ya Baridi, mjini Petrograd. Chini yake huandikwa kwamba hayo ndiyo Mapinduzi ya Oktoba ya mwaka 1917. Wanafunzi wa nchi nyingi wamelelewa na picha hiyo pamoja na nyingine za jamii yake. Taabu ni kwamba picha hizo hazikupigwa mwaka 1917. Baadhi yazo zilipigwa mwaka 1920, wakati maelfu ya watu walipokusanywa katika uwanja ule ule kuyaigiza mapinduzi mbele ya hadhara katika maadhimisho ya mwaka wa tatu. Nyingine zilitolewa katika filamu iliyotengenezwa mwaka 1927, miaka 10 baada ya tukio lenyewe.

Usiku halisi wa mapinduzi haukuwa na kishindo kama hicho. Kasri lilikuwa likilindwa na wanafunzi wa vyuo vya kijeshi na kikosi cha wanawake, na wengi katika walinzi hao walikuwa wamekwisha kujiondokea. Wabolsheviki waliingia kidogo kidogo, wengine kwa milango ya pembeni na madirisha, na waliopoteza maisha ni wachache. Hapakuwa na kamera. Kwa hiyo watu walipotaka kuyaona mapinduzi kwa macho, walilazimika kuazima macho ya mtu ambaye usiku huo hakuwa mwandishi wala mpiga picha, bali mwanafunzi wa uhandisi mwenye umri wa miaka 19.

Jina lake ni Sergei Mikhailovich Eisenstein. Katika makala haya nanuia kuyasimulia maisha yake, kwa kuwa sijui maisha mengine yanayoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi sinema ya Urusi na siasa zilivyofungwa kamba moja. Wengi husema kwamba alikuwa msanii mkubwa aliyeonewa na serikali yake. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni chungu zaidi: Eisenstein ndiye aliyeifundisha dola hiyo kwamba maana ya picha hukaa katika ncha ya mkasi, na dola ilikuwa mwanafunzi hodari.

Alizaliwa tarehe 22 Januari 1898 katika mji wa Riga, ambao leo ni mji mkuu wa Latvia lakini enzi hizo ulikuwa chini ya himaya ya Tsar. Baba yake, Mikhail Eisenstein, alikuwa mhandisi na msanifu majengo, na nyumba alizozibuni, zilizojaa nyuso, simba na mapambo ya kila aina, zingali zinatazamwa na wageni katika mtaa wa Alberta mjini humo. Mama yake, Julia, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara matajiri wa St. Petersburg. Ndoa yao haikuwa na amani. Walitengana mtoto akiwa mdogo, mama akahamia St. Petersburg, na kijana akabaki akilelewa na baba mkali aliyetaka mwanawe afuate nyayo zake. Akazifuata kweli, angalau kwa muda: mwaka 1915 alijiunga na taasisi ya uhandisi wa majengo mjini Petrograd.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, nyumba hiyo ilipasuka kama zilivyopasuka nyumba nyingi za Urusi. Mwaka 1918 kijana aliingia katika Jeshi Jekundu, akajenga madaraja na mahandaki, akachora mabango na kupamba maigizo ya askari. Baba akasimama upande wa Weupe. Weupe waliposhindwa, mzee alikimbilia Ujerumani na kufia Berlin mwaka 1920. Hawakuonana tena. Naomba msomaji asilisahau jambo hili la baba na mwana waliogawanywa na siasa, maana litamrudia Eisenstein kwa sura ya ajabu miaka 15 baadaye.

Alipoondoka jeshini alifika Moscow kujifunza Kijapani. Mtu huyu alikuwa na pupa ya elimu. Kilichomvutia katika lugha hiyo ni maandishi yake, ambamo alama mbili za vitu vinavyoonekana huwekwa pamoja zikazaa wazo lisiloonekana: alama ya jicho na alama ya maji zikikutana, maana yake ni kulia. Sisi wenye Kiswahili tunaweza kuielewa mbinu hiyo kwa urahisi. Hukutanisha kufa na urongo tukapata kifaurongo, ule mmea unaosinyaa ukiguswa, na katika maneno yale mawili hakuna hata moja lililokuwa na jani. Eisenstein aliliweka jambo hilo akilini, akaja kulijengea nadharia nzima.

Wakati huo Wabolsheviki walikuwa wakitazama ramani ya nchi kubwa mno, yenye lugha nyingi na watu wengi wasiojua kusoma. Gazeti lingewafikia wangapi? Lenin alitambua mapema kwamba kati ya sanaa zote sinema ndiyo itakayoifaa zaidi serikali yake, na tarehe 27 Agosti 1919 alitia sahihi amri ya kuifanya biashara ya filamu kuwa mali ya taifa. Mwaka huo huo kilifunguliwa mjini Moscow chuo cha sinema, cha kwanza ulimwenguni. Kilikosa kitu kimoja tu: filamu zenyewe. Ukanda wa kupigia picha ulikuwa ukiagizwa kutoka nchi za nje, na biashara na nchi za nje ilikuwa imekatika. Mwalimu Lev Kuleshov na wanafunzi wake walilazimika kuigiza mbele ya kamera isiyo na ukanda, na kuzikata upya filamu kuukuu ili kuona zitasema nini zikipangwa vingine.

Shida hiyo ndiyo iliyozaa uvumbuzi. Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja aliyetulia bila hisia yoyote, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha na ya maiti ndani ya jeneza, kisha na ya mtoto. Watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, halafu huzuni, halafu upendo. Uso ulikuwa ule ule. Mwalimu yeyote anaweza kulifanya jaribio hili darasani kwa picha tatu za gazeti, na nadhani litawafaa wanafunzi wetu kuliko hotuba ndefu kuhusu propaganda.

Eisenstein aliingia katika ulimwengu huu kupitia jukwaa. Alifanya kazi katika tamthilia za Proletkult, shirika la utamaduni wa wafanyakazi, na mwaka 1921 akawa mwanafunzi wa Vsevolod Meyerhold, mwelekezi mkuu wa tamthilia wa zama hizo, ambaye alimpenda na kumwogopa kama mtu apendavyo na kuogopa baba wa pili. Moja ya kazi zake za awali za sinema, hata hivyo, haikuwa ya kutengeneza. Serikali ilikuwa ikinunua filamu kutoka Ulaya na Marekani, na kabla hazijaonyeshwa zilipitishwa katika chumba cha uhariri ili zikatwe na kuunganishwa upya ziwiane na itikadi. Aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo ni mwanamke aitwaye Esther Shub. Mwaka 1924 Eisenstein alikaa kando yake, wakaikata pamoja filamu ya Mjerumani Fritz Lang kuhusu Daktari Mabuse, wakaigeuza iseme walichotaka wao. Kwa hiyo ufundi wake aliujifunza juu ya meza ya udhibiti, akiwa ndiye mwenye kushika mkasi, na kazi iliyokatwa ilikuwa ya mtu mwingine aliye mbali.

Filamu yake ya kwanza ndefu, Mgomo, ilionyeshwa mwaka 1925. Humo askari wanawaua wafanyakazi waliogoma, na katikati ya mauaji hayo anatuingizia picha za ng'ombe akichinjwa machinjioni. Ng'ombe hahusiki na hadithi hata kidogo. Lakini mtazamaji hawezi tena kuyatenganisha mambo hayo mawili, na hasira yake inapanda kabla akili haijauliza swali. Njia hiyo ya kugonganisha picha ndiyo iitwayo montaji.

Mwaka huo huo aliagizwa kutengeneza filamu ya kuadhimisha miaka 20 ya maasi ya 1905. Mpango ulikuwa wa kuusimulia mwaka mzima, lakini alipofika Odessa akaona ngazi kubwa zinazoshuka kutoka mjini hadi bandarini, mpango ukatupwa. Akabaki na kisa kimoja: mabaharia wa manowari Potemkin, waliokataa kula nyama yenye funza wakawageukia maofisa wao. Manowari yenyewe haikuwa ikifaa tena kupigwa picha, kwa hiyo ilitumika nyingine iliyofanana nayo. Mpiga picha alikuwa Eduard Tisse, ambaye angefuatana naye karibu maisha yake yote.

Sehemu ya ngazi inajulikana hata na watu wasioijua filamu nzima. Safu ya askari inateremka kwa hatua moja, raia wanakimbia mbele yao, mama anauawa, na gari dogo lenye mtoto mchanga linaanza kubingirika lenyewe kutoka ngazi hadi ngazi. Tukio hilo linachukua muda mrefu zaidi kuliko mtu angehitaji kuzishuka ngazi hizo kwa miguu, kwa sababu Eisenstein amezirefusha kwa mkasi. Ni kweli kwamba watu waliuawa Odessa siku zile za Juni 1905, hasa huko bandarini usiku. Mauaji ya mchana ya namna ile juu ya ngazi zile ni ya kubuni. Leo wageni huenda Odessa kuzitazama ngazi za mauaji, na mauaji waliyoyajia yalifanyika katika chumba cha uhariri mjini Moscow.

Hali kadhalika mwisho wa filamu. Tunaiacha manowari ikipita kwa shangwe katikati ya kundi la meli zilizotumwa kuizamisha, mabaharia wa pande zote mbili wakipungiana mikono. Hilo lilitokea. Lakini siku chache baadaye mabaharia hao walijisalimisha nchini Romania, na kiongozi wao Matyushenko, aliporudi Urusi, alinyongwa mwaka 1907. Mkasi ulipita mahali ambapo ushindi ulikuwa ungali ushindi.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1925 katika ukumbi wa Bolshoi, na umaarufu wake mkubwa ukatoka Berlin mwaka uliofuata. Serikali za Ulaya ziliiogopa kama baruti. Uingereza iliipiga marufuku hadi mwaka 1954. Mwaka 1933 Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, aliwataka watengenezaji filamu wa Kijerumani waitazame kama kielelezo, na Eisenstein akamjibu kwa barua ya hadhara iliyojaa ghadhabu. Ghadhabu yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo Goebbels hakuwa amekosea kuhusu ufundi: kisu hakichagui mkono.

Basi tufike mwaka 1927, na filamu ile niliyoanza nayo. Chama kilitaka kuadhimisha miaka 10 ya mapinduzi, na Eisenstein alipewa kila alichokiomba: kasri lenyewe, maelfu ya watu, askari, na umeme wa kuwasha taa usiku kucha katika mji ambao sasa uliitwa Leningrad. Lenin aliigizwa na mfanyakazi aitwaye Nikandrov, aliyefanana naye sura. Sidhani kuna msanii mwingine wa karne hiyo aliyepewa mji mzima auchezee.

Lakini filamu ilipokuwa mezani ikihaririwa, ugomvi wa Stalin na Trotsky ulifikia kilele. Trotsky ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la Petrograd mwaka 1917 na mmoja wa wapangaji wakuu wa mapinduzi. Huwezi kuisimulia Oktoba bila yeye. Mnamo Novemba 1927 alifukuzwa chamani. Grigori Aleksandrov, msaidizi wa Eisenstein, alisimulia baadaye kwamba siku ya maadhimisho Stalin mwenyewe alifika katika chumba cha uhariri, akauliza kama Trotsky yumo, akaagiza sehemu kadhaa ziondolewe. Oktoba haikuwahi sikukuu yake. Vipande tu vilionyeshwa, na filamu kamili ikatoka Machi 1928 huku Trotsky akiwa amesalia kama kivuli kidogo kisicho na maana. Maneno ya Trotsky yaliyokuwa mwanzoni mwa Potemkin nayo yaliondolewa, yakawekwa ya Lenin.

Eisenstein hakupinga. Pengine hakuona sababu ya kupinga: alikwisha kumkata Lang, alikwisha kuirefusha ngazi ya Odessa, alikwisha kuukata mwisho wa mabaharia. Kumkata Trotsky kulikuwa kazi ya mkono ule ule juu ya meza ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeonyesha mahali pa kukata alikuwa mtu mwingine. Nadhani hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 29 tu na dunia nzima ilikuwa ikimwita.

Akaiitikia dunia. Filamu iliyofuata, kuhusu ushirika wa wakulima, ilibadilishwa jina na mwisho kwa amri ya Stalin. Mwaka 1929 alitoka nchini pamoja na Aleksandrov na Tisse, akahutubu Uswisi, London na Paris, na mwaka 1930 akatia sahihi mkataba na kampuni ya Paramount huko Hollywood. Miezi michache ilitosha. Miswada yake yote ilikataliwa na mkataba ukavunjwa. Tunapenda kuamini kwamba pesa za matajiri ni huru kuliko pesa za dola. Yeye alizijua zote mbili, na zote zilikuwa na mwenyewe. Kutoka huko alikwenda Mexico kwa fedha za mwandishi Upton Sinclair na mkewe, akapiga picha kwa zaidi ya mwaka mmoja. Gharama zikapanda, Sinclair akachoka, na mwishoni mwa 1931 akapokea simu ya maandishi kutoka kwa Stalin ikimwarifu kwamba Eisenstein amepoteza imani ya wenzake na anahesabiwa kama mtoro. Kazi ikasimamishwa. Mikanda ikabaki Marekani, wakaikata watu wengine na kutoa filamu zao. Eisenstein hakupewa nafasi ya kuunganisha hata sehemu moja ya picha alizozipiga Mexico.

Alirudi Moscow mwaka 1932 akaikuta nchi nyingine. Mkuu mpya wa sinema, Boris Shumyatsky, alitaka filamu zinazoeleweka na kila mtu, zenye shujaa mmoja na wimbo wa kukumbukwa, na Stalin aliyekuwa akizitazama filamu usiku katika ukumbi wake mdogo wa Kremlin alitaka vivyo hivyo. Mswada baada ya mswada ulikataliwa. Akajikita katika ualimu katika kile chuo cha Moscow, na waliosoma kwake wanasema hakukuwa na mwalimu kama yeye. Chuo hicho baadaye kiliwafunza Waafrika pia, miongoni mwao Souleymane Cissé wa Mali na Abderrahmane Sissako wa Mauritania. Ousmane Sembène wa Senegal alijifunzia Moscow vilevile mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa yeye alikuwa katika studio ya Gorky.

Kati ya ndoto zilizokufa wakati huo kulikuwa na moja inayotugusa. Eisenstein alitaka kutengeneza filamu kuhusu mapinduzi ya watumwa wa Haiti, na alimtaka Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwimbaji na mwigizaji wa sifa kubwa, aigize ndani yake. Robeson alikuwa akiishi London, akijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Desemba 1934 alifika Moscow kwa mwaliko wa Eisenstein, wakazungumza kwa siku nyingi. Filamu haikutengenezwa. Badala yake, mwaka 1935 dunia ilimwona Robeson katika Sanders of the River, filamu ya Kiingereza iliyousifu ukoloni, ambamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa amesoma Moscow mwaka 1932 na 1933, alionekana kwa sehemu ndogo ya chifu. Robeson aliichukia kazi hiyo baada ya kuiona, akisema kwamba maana yake ilibadilishwa katika uhariri. Kumbe mkasi haukuwa wa Moscow pekee.

Mwaka 1935 hatimaye Eisenstein aliruhusiwa kurudi kazini. Kisa alichopewa kilitokana na Pavlik Morozov, mtoto wa kijijini aliyesemekana kumshtaki baba yake kwa serikali, kisha akauawa mwaka 1932, na ambaye dola ilimfanya kuwa mfano kwa watoto wote wa nchi. Katika filamu hiyo, Mbuga ya Bezhin, baba anamuua mwanawe kwa mkono wake. Hapa ndipo ninapomrudisha msomaji Riga. Eisenstein, aliyevaa nguo za Wekundu baba yake akiwa kwa Weupe, aliombwa alisifu chaguo lililofanana na lake mwenyewe. Lakini alichokipiga hakikuwa sifa tupu. Wakulima wake walikuwa na sura za manabii, mzee alikuwa na uchungu kama wa Ibrahimu juu ya mwanawe, na kifo cha mtoto kilikuwa msiba badala ya kuwa ushindi. Aliugua ndui katikati ya kazi, akaandika upya mswada kwa msaada wa mwandishi Isaac Babel, akaanza tena. Tarehe 17 Machi 1937, baada ya takriban rubles milioni 2 kutumika, Shumyatsky aliisimamisha filamu hiyo. Eisenstein alishtakiwa kwa kuabudu umbo na kuyageuza mapambano ya kitabaka kuwa hadithi ya dini. Akalazimika kuandika maungamo, yakachapishwa, akiyakiri makosa yake moja baada ya jingine na kuomba apewe nafasi nyingine.

Mwaka 1937 maungamo yalikuwa bei nafuu. Shumyatsky mwenyewe alikamatwa Januari 1938 na kupigwa risasi Julai mwaka huo. Babel alikamatwa mwaka 1939 na kuuawa Januari 1940. Meyerhold, mwalimu wake, aliteswa gerezani na kuuawa Februari 1940. Ni wepesi kumwita mwoga mtu aliyepokea nishani wakati wenzake wakipotea, na alizipokea. Mgala muue na haki umpe: karatasi za Meyerhold, ambazo kukutwa nazo kungetosha kumfikisha mtu kwenye ukuta wa risasi, zilifichwa katika nyumba ya Eisenstein nje ya Moscow, na ndiyo sababu zimetufikia.

Nishani aliipata kwa Alexander Nevsky ya mwaka 1938, iliyopambwa na muziki wa Sergei Prokofiev. Ilimhusu mwanamfalme aliyewashinda mashujaa wa Kijerumani juu ya ziwa lililoganda karne ya 13. Vita hivyo vya barafuni vilipigwa picha wakati wa joto, barafu ikiwa ya kutengenezwa. Stalin aliipenda, na Februari 1939 Eisenstein akavishwa Nishani ya Lenin. Agosti mwaka huo Stalin akafanya mkataba na Hitler, na filamu ikaondolewa majumbani kimyakimya, kwani Wajerumani sasa walikuwa marafiki. Eisenstein akaagizwa kuelekeza opera ya Mjerumani Wagner katika Bolshoi, akaielekeza. Juni 1941 Hitler akavamia, na Nevsky akatolewa tena kabatini. Filamu haikubadilika hata kipande kimoja katika miaka hiyo mitatu. Iliyokatwa safari hii ilikuwa dunia iliyoizunguka.

Iliyosalia ni kazi yake kuu, na ndiyo iliyomuua. Mapema mwaka 1941 aliagizwa kutengeneza filamu kuhusu Ivan wa Kutisha, Tsar wa karne ya 16 aliyeiunganisha Urusi kwa damu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini Stalin alitaka Ivan asafishwe. Studio zilihamishiwa Alma-Ata, Kazakhstan, mbali na mizinga, na huko walifanya kazi usiku kwa kuwa mchana umeme ulihitajika viwandani. Sehemu ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa 1945, ikimwonyesha Ivan kijana anayewashinda maadui wa taifa, nayo ikapata Tuzo ya Stalin ya daraja la kwanza. Usiku wa tarehe 2 Februari 1946, katika karamu ya kusherehekea tuzo hizo, Eisenstein alishikwa na mshtuko wa moyo akicheza dansi. Siku hiyo hiyo alikuwa amekamilisha uhariri wa sehemu ya pili.

Sehemu ya pili ni kitu kingine kabisa. Ivan amezungukwa na walinzi wake wenye nguo nyeusi, anamshuku kila mtu, hana rafiki, na katika karamu ya kutisha iliyopigwa kwa rangi anamvika binamu yake mavazi ya kifalme ili kisu cha muuaji kimkose yeye kimpate mwenzake. Eisenstein alijua nani ataitazama. Sikubaliani na wale wanaosema kwamba alighafilika, kwamba usanii ulimchukua asijue anakokwenda. Mtu aliyehesabu kila kipande maisha yake yote hakuweza kuupanga upweke ule kwa bahati.

Stalin alielewa vilevile. Tarehe 4 Septemba 1946 Kamati Kuu ilitoa azimio lililoilaani filamu hiyo pamoja na nyingine, ikidai kwamba Ivan amefanywa mtu dhaifu asiye na msimamo na walinzi wake wamefanywa genge la wahalifu. Usiku mmoja wa Februari 1947, Eisenstein na mwigizaji wake Nikolai Cherkasov waliitwa Kremlin. Kwa maelezo waliyoyatoa wenyewe mara baada ya kutoka, Stalin, akiwa na Molotov na Zhdanov, aliwafundisha historia: kosa la Ivan lilikuwa kutowamaliza maadui zake wote, na muda alioupoteza katika toba angeutumia kuua zaidi. Walilalamikia hata urefu wa ndevu. Kisha wakamruhusu airekebishe filamu, wakamwambia asiharakishe.

Hakuharakisha. Waliomjua wanakumbuka kwamba hakugusa ukanda hata mmoja. Aliandika vitabu vyake, akafundisha, akakaa na moyo wake mbovu. Mtu ambaye alikuwa tayari kukata kwa amri mwaka 1927, na kuungama kwa amri mwaka 1937, mwaka huu wa 1947 alipewa mkasi mkononi akauweka chini. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Februari 1948 alifariki, akiwa na umri wa miaka 50 na majuma matatu, akazikwa katika makaburi ya Novodevichy.

Sehemu ya pili ya Ivan ilionyeshwa mwaka 1958, miaka mitano baada ya kifo cha Stalin. Picha za sehemu ya tatu ziliharibiwa, kikabaki kipande kidogo. Kuhusu Mbuga ya Bezhin, mikanda inasemekana iliteketea katika mashambulizi ya mabomu wakati wa vita. Hata hivyo mkewe, Pera Atasheva, alikuwa amehifadhi vibanzi vilivyokatwa mwanzoni na mwishoni mwa kila kipande, yaani vile ambavyo katika uhariri hutupwa sakafuni. Mwaka 1967 Naum Kleiman na Sergei Yutkevich walivipanga kwa kufuata mswada, wakavitilia muziki wa Prokofiev. Filamu hiyo ya picha zisizosogea huchukua karibu nusu saa, na humo mtoto, baba yake na mbuga bado wanaonekana.